Hukumu ya Deni la Zamani na Mkopo wa Nyumba: Mwongozo kwa Mtu wa Malindi

Mwaka 2022 nilipeleka maombi ya mkopo wa nyumba kwenye benki moja hapa Malindi. Nilikuwa na barua ya mwajiri, hati za mshahara, taarifa za akaunti za miezi sita na kiwanja Muyeye chenye hatimiliki yake. Siku ya nne afisa wa mikopo akaniita, akageuza kompyuta nijionee mwenyewe. Mstari mmoja ulisema: mdhamini, mkopo wa 2012, haujalipwa. "Na hapa pana kesi, mwalimu," akaniambia kwa sauti ya chini. Mimi nilijua sijawahi kushtakiwa maishani mwangu.

Mkopo ulikuwa wa kakangu, wa kununua mashine ya boti. Nilimtilia sahihi nikaendelea na shughuli zangu. Mashine ikaharibika, uvuvi ukawa haba, naye akaona haya kuniambia kwamba ameshindwa kulipa. Wakati huo nilikuwa nimehamishiwa Mombasa. Kesi ikafunguliwa Malindi, hukumu ikatolewa Machi 2014 bila mimi kuwapo, na kwa miaka minane karatasi ile ikalala kwenye masijala ya mahakama huku mimi nikiweka akiba ya nyumba.

Nilipojua, kila mtu alikuwa na dawa yake. Mmoja aliniambia nisubiri, deni litajifuta. Mwingine aliniambia nimlipe dalali wa mahakama hela taslimu yaishe. Ningewasikiliza wote wawili ningekuwa bado napanga nyumba. Haya hapa chini ndiyo niliyoyafanya, pamoja na yale ambayo ningeyafanya mapema lau ningeyajua.

Kwanza fahamu kwamba ni mambo mawili

Mtaani watu husema "niko CRB" wakimaanisha kila kitu. Lakini hukumu ni ya mahakama, na taarifa za CRB, yaani mashirika yanayotunza rekodi za mikopo ya watu, ni za wakopeshaji. Benki, Sacco na wakopeshaji wengine wanaoruhusiwa ndio wanaopeleka habari zako kwenye mashirika yaliyopewa leseni na Benki Kuu ya Kenya. Mkopo ukikaa siku 90 bila kulipwa huhesabiwa kuwa mkopo mbaya, na hapo ndipo jina hupelekwa. Kwa hiyo unaweza kuwa CRB bila kesi yoyote, na unaweza kuwa na hukumu ambayo haionekani CRB kwa sababu aliyekushtaki ni mwenye duka la vifaa vya ujenzi wala hapeleki taarifa popote.

Kila moja ina muda wake, na mimi hapa ndipo nilipokuwa nimepotea. Kwa Sheria ya Ukomo wa Madai, Sura ya 22, hukumu ina umri wa miaka 12 tangu siku ilipotolewa, na baada ya hapo haiwezi kutekelezwa. Taarifa mbaya ya CRB hukaa miaka 5, lakini miaka hiyo huanza kuhesabiwa siku ulipomaliza kulipa. Ikiwa hujalipa, hesabu haijaanza. Mtu aliyeshindwa kulipa mwaka 2014 akanyamaza, mwaka 2024 bado anaonekana mdaiwa. Aliyelipa mwaka 2019 amekwisha kutoka. Ndiyo sababu nasema kusubiri si dawa.

Wengi wetu tuna ndugu Uingereza, na sauti za WhatsApp kutoka huko hufika Malindi kila siku. Shemeji yangu alinitumia moja ndefu: "Hukumu inafutika yenyewe baada ya miaka 6, na ukilipa ndani ya mwezi mmoja wanaiondoa kabisa." Hakusema uongo. Uingereza na Wales kuna rejista rasmi ya hukumu za madeni. Hukumu hukaa humo miaka 6, ukilipa yote ndani ya mwezi mmoja huondolewa, na ukichelewa huandikwa tu kwamba imelipwa. Lakini hiyo ni sheria ya huko. Yeye akiomba mkopo wa nyumba London inamhusu. Wewe unayeomba Malindi haikuhusu hata kidogo.

Hatua ya 1: Toa ripoti zako kabla benki haijazitoa

Mashirika ni matatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Toa ripoti kwa yote, kwa sababu mkopeshaji mmoja anaweza kuwa amepeleka taarifa kwa moja na si kwa jingine. Una haki ya ripoti moja bure kila mwaka. Usichanganye ripoti na cheti cha CRB. Ripoti hueleza historia yako yote, cheti husema tu kwamba hudaiwi.

Soma polepole. Anza na nambari ya kitambulisho, kwa maana majina yetu ya Pwani yanafanana mno. Katika mtaa mmoja wa Shela utawakuta watu watatu wenye jina moja, la baba na la babu. Kisha tazama kama umeandikwa mkopaji au mdhamini, tarehe mkopo ulipoharibika, na salio. Ikiwa kuna kosa, andika malalamiko rasmi kwa shirika lenyewe na udai upewe nambari ya malalamiko. Wanatakiwa kuyashughulikia ndani ya siku 21. Mkopeshaji pia alipaswa kukuarifu siku 30 kabla ya kukupeleka CRB. Ikiwa hakufanya hivyo, litaje jambo hilo kwenye barua yako, ingawa halifuti deni.

Usipuuze vijideni vya simu. Tangu mwaka 2020, deni lisilofika shilingi 1,000 halipelekwi CRB, lakini la shilingi 1,400 linapelekwa, na nimeona maombi ya mamilioni yakikwama kwa deni la namna hiyo.

Hatua ya 2: Likamate faili kwa mikono yako

Hapa usitume mtu. Nenda mwenyewe masijala ya mahakama iliyotoa hukumu, ukiwa na kitambulisho na nambari ya kesi. Nambari huipata kwenye barua ya wakili wa mkopeshaji au kwa kumuuliza mkopeshaji mwenyewe. Kama huna, wape majina ya pande zote mbili na mwaka, na uwe na subira. Faili la zamani huwa limehamishwa ghala, na karani huhitaji siku moja au mbili kulitafuta. Kuna ada ndogo ya kulisoma. Lipa, weka risiti.

Faili langu lilikuwa jembamba, jalada la kahawia lililofifia, pembe zake zimeliwa na kutu ya pini. Karani, mzee mpole, aliliweka mezani akasema, "Soma kutoka nyuma kuja mbele, mwalimu. Ya zamani ndiyo ya chini." Chini kabisa palikuwa na madai, halafu samansi, ile hati ya kuitwa mahakamani, halafu kiapo cha mpelekaji samansi. Kiapo kile nilikisoma mara tatu. Aliapa kwamba tarehe 9 Januari 2014, saa nne asubuhi, alinikuta nyumbani kwangu Maweni, akanipa karatasi, nikazipokea na kukataa kutia sahihi. Siku hiyo, saa hiyo, mimi nilikuwa darasani Mombasa. Daftari la mahudhurio ya walimu lilikuwa na sahihi yangu.

Kwa hiyo unapolisoma faili, usikimbilie kiasi cha deni. Tafuta kiapo cha samansi kwanza. Kisha tazama ikiwa hukumu ilitolewa baada ya kusikizwa au kwa sababu tu hukufika. Tazama dikrii, yaani amri rasmi inayotokana na hukumu, inasema riba asilimia ngapi na tangu lini, gharama za kesi ni kiasi gani, na kama kumewahi kutolewa hati ya kukamata mali. Omba nakala za vyote na zigongwe muhuri.

Hatua ya 3: Piga hesabu yako mwenyewe

Usikubali jumla uliyoandikiwa na mdai. Chukua kalamu.

Hukumu yangu ilikuwa ya shilingi 84,000, riba ya kawaida ya asilimia 12 kwa mwaka, yaani 10,080 kila mwaka. Barua ya wakili wao ilidai riba ya miaka 8: 80,640. Lakini sheria ileile ya ukomo inasema malimbikizo ya riba ya hukumu hayadaiwi yakishapita miaka 6 tangu yalipopaswa kulipwa. Riba halali ilikuwa ya miaka 6 tu, 60,480. Tofauti ni shilingi 20,160, na nilikuwa karibu kuzilipa kwa kutojua.

Ikiwa dikrii haisemi lolote kuhusu riba ya baada ya hukumu, Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai inaihesabu kuwa asilimia 6 kwa mwaka. Mdai hawezi kujipangia kiwango chake.

Jambo jingine ambalo watu hulisema nusu: ni kweli kwamba kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika Mei 2007, kinaizuia benki kukudai riba inayozidi salio la mkopo siku ulipoharibika. Mkopo ukiharibika ukiwa na salio la 200,000, benki haiwezi kudai zaidi ya 400,000 pamoja na gharama za kulikusanya deni. Lakini kifungu hichohicho hakizuii riba inayotokana na amri ya mahakama. Hukumu ikishatolewa, riba yake hutembea peke yake. Mdaiwa anayekaa akitegemea kinga hiyo baada ya hukumu anajiumiza.

Hatua ya 4: Kupinga au kupatana

Ikiwa samansi hazikukufikia kweli, una haki ya kuomba hukumu iondolewe chini ya Amri ya 10 ya Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai. Hukumu iliyopatikana bila samansi kufika haikufuata utaratibu, na mahakama hukubali kuiondoa bila kukupima sana. Ikiwa samansi zilikufika ila ulizembea, bado unaweza kuomba, lakini itabidi uonyeshe kwamba una utetezi wa maana, na hakimu anaweza kukutaka uweke pesa mahakamani kwanza. Njia zote mbili zina adui mmoja, nao ni kuchelewa. Siku unayoigundua hukumu ndiyo siku ya kuanza kuhesabu. Ukikaa mwaka mzima ukitafakari, hakimu atakuuliza ulikuwa wapi.

Na uelewe utakachopata. Kuondoa hukumu hakufuti deni. Kesi hurudi mwanzo, nawe hupewa nafasi ya kujitetea.

Mimi nilijiuliza swali moja: je, nadaiwa kweli? Nilitia sahihi ya udhamini kwa hiari yangu, na mashine ilinunuliwa. Kwa mizani yangu, kurudi mahakamani miaka minane baadaye ili nishindwe kwa halali lilikuwa jambo la kupoteza muda na pesa za wakili. Nikakitumia kile kiapo kama hoja ya kupatana. Nilimwandikia wakili wao barua moja fupi, nikaambatisha nakala ya daftari la shule, nikaeleza kwamba naweza kuomba hukumu iondolewe, lakini niko tayari kulipa 84,000 pamoja na gharama za kesi ikiwa riba itasamehewa. Walikubali ndani ya wiki tatu. Sidhani wangenijibu kama ningewapigia simu tu nikilia.

Huwezi kulipa kwa mkupuo? Amri ya 21 inairuhusu mahakama kukupangia malipo ya awamu. Pendekeza kiasi unachoweza kukitimiza hata mwezi wa njaa, maana ukikosa awamu moja mara nyingi deni lote hudaiwa papo hapo.

Ikiwa mdai ameshaanza kutekeleza hukumu, jua mipaka. Hukumu ikiwa na zaidi ya mwaka mmoja, kwa kawaida lazima kwanza upewe notisi ya kufika kujieleza. Dalali wa mahakama akishaorodhesha vyombo vyako vya nyumbani, una siku 7 za kuvikomboa. Vifaa vya kazi yako, nguo, matandiko na vyombo vya kupikia havikamatwi. Mshahara hukamatwa theluthi moja tu. Na kifungo cha deni kipo, hadi miezi 6, na ukitoka deni bado ni lako, ingawa hawatakufunga tena kwa hukumu hiyohiyo.

Hatua ya 5: Lipa mahali ambapo mahakama itaona

Ningekuwa na dakika moja tu ya kuzungumza nawe, ningeitumia hapa. Kwa Amri ya 22, malipo yaliyofanywa nje ya mahakama na ambayo hayakurekodiwa mahakamani hayatambuliwi na mahakama inayotekeleza hukumu. Maana yake ni kwamba unaweza kumlipa mdai hadi senti ya mwisho, mkapeana mikono, kisha miaka miwili baadaye akafika dalali na hati halali, nawe ukaonyesha ujumbe wa M-Pesa usiokusaidia.

Sisi tuliandika mapatano, pande zote mbili zikatia sahihi, yakawekwa kwenye faili. Nikalipa kupitia benki kwa akaunti iliyotajwa humo. Halafu nikasubiri wakili wao aijulishe mahakama kwamba hukumu imetimizwa kikamilifu. Alichelewa. Nilirudi masijala mara nne. Ikiwa mdai anakaidi, wewe mwenyewe unaweza kuiomba mahakama imwite aeleze kwa nini malipo yasirekodiwe. Ikiwa mdai hapatikani, amefunga ofisi au amehama, lipa mahakamani moja kwa moja. Na ikiwa anayekudai leo ni kampuni nyingine iliyonunua deni, mwambie akuonyeshe maandishi ya kuhamishiwa deni kabla hujatoa shilingi moja.

Chukua karatasi tatu: barua ya mdai kwamba hudaiwi, risiti, na nakala ya rekodi ya mahakama yenye muhuri. Mimi nina nakala zake nyumbani na kwa dada yangu Lamu.

Hatua ya 6: Rudi CRB, kisha ngoja kidogo

Mdai ndiye anayepaswa kuwaarifu CRB kwamba umelipa. Mpe barua ukimkumbusha. Baada ya mwezi mmoja toa ripoti upya. Salio linatakiwa kuwa sufuri na hali yake imelipwa. Historia itabaki miaka 5, na usimwamini mtu anayekuambia kwamba kwa elfu tano tu anaweza kuifuta. Hakuna mlango huo.

Historia iliyolipwa haikufungii mkopo. Hakuna sheria inayoikataza benki kukukopesha, ni uamuzi wake. Alama ya mkopaji unayopewa na CRB huanza kupanda kadiri unavyolipa vizuri mengine yote. Metropol, kwa mfano, huzitoa kati ya 200 na 900. Nilichukua mkopo mdogo wa Sacco, nikaulipa kwa wakati kwa miezi 12, ili benki ione kitu kipya juu ya kile cha zamani.

Hatua ya 7: Hukumu inayokaa juu ya ardhi

Umejisafisha wewe. Je, nyumba unayonunua? Mdai wa muuzaji anaweza kuwa ameandikisha zuio la mahakama kwenye hatimiliki ili ardhi isiuzwe. Utaliona tu ukifanya utafutaji rasmi katika usajili wa ardhi, Kilifi kwa sisi wa Malindi. Fanya utafutaji kabla ya kulipa arabuni, kisha ufanye tena siku chache kabla ya kutia sahihi. Nakala ya hatimiliki anayokuonyesha muuzaji haionyeshi yaliyoandikwa jana.

Kwa nyumba za urithi, uliza pia madeni ya marehemu. Kwa sharia ya Kiislamu na kwa sheria ya nchi pia, deni hutangulia mgawo. Nyumba iliyobaki kwa jina la baba, ambaye hukumu yake haijalipwa, si ya kuwekwa rehani na mwana mmoja.

Na kuna nyumba bila ardhi, ambazo Malindi, Lamu na Mombasa tunazijua vizuri: nyumba ni yako, ardhi ni ya mwingine. Nilipenda moja Majengo, yenye baraza na mwarobaini mbele yake. Benki ikaikataa papo hapo, maana bila hatimiliki ya ardhi hakuna cha kuandikisha rehani.

Hatua ya 8: Peleka maombi ukiwa umeeleza kabla ya kuulizwa

Niliporudi benki mwaka 2024, niliambatisha barua ya ukurasa mmoja: deni lilikuwa la nani, hukumu ilitolewa lini, nililijua lini, nililipa lini, na karatasi zake hizi hapa. Afisa aliisoma, akauliza swali moja tu: "Kakako bado ana mikopo unayomdhamini?" Nilimjibu hapana, na ripoti ikaonyesha hivyo.

Angalia pia kwamba makato yote kwenye mshahara hayazidi theluthi mbili, maana Sheria ya Ajira hairuhusu. Mwenye makato ya hukumu na ya Sacco hujikuta hana nafasi ya mkopo wa nyumba hata kama CRB yake ni nyeupe. Ukikwepa riba, benki za kufuata sharia, zilizoanza kazi nchini mwaka 2008, zina njia ya kununua nyumba kwa ubia unaopungua, yaani mnaimiliki pamoja nawe unainunua sehemu ya benki kidogo kidogo, lakini nazo hutazama CRB kama wengine. Uliza vilevile kama benki au Sacco yako inapata fedha kupitia KMRC, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2018 ili mikopo ya nyumba iwe ya muda mrefu na ya riba isiyobadilika. Na tenga pesa za ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani mjini, kwa sababu mara nyingi hazimo ndani ya mkopo.

Kakangu alilipa nusu ya zile 84,000, kidogo kidogo, kwa pesa za samaki. Hatukugombana. Lakini siku aliponiletea fomu nyingine ya udhamini, ya mke wake, niliisoma yote mbele yake, nikamrudishia bila sahihi, tukaendelea kunywa chai.